Mwezi wa Machi Hatupigi Kelele

Despina anasema nanong'ona kama mwizi.
"Nazibrola, mama yangu ni kiziwi, paza sauti!"
Naam. Napandisha kidogo,
kiasi cha kumwamsha paka.

Nitamwelezaje?
Kwetu Svaneti, Machi ikiingia,
mlima hulala usingizi wa mang'amung'amu,
theluji imeshikilia mwamba kwa kucha,
na mtoto anayepayuka njiani
huzabwa kofi kwanza, akaelezwa baadaye.
Tulipita chini ya ule mteremko tumefumba midomo,
watoto kumi na mmoja, kila mmoja na gogo kwapani.
Gogo ndiyo ada. Jiko la darasa halikujua
kwamba serikali imevunjika.
Aliyekuja mikono mitupu aliketi karibu na mlango,
na mimi mpaka leo, nikialikwa mahali,
najikagua kwapani kabla ya kubisha hodi.

Udongo uwahi ungali maji, husemwa.
Sawa. Ila mfinyanzi wangu alikuwa baridi,
na baridi haifinyangi, hugandisha:
ulivyokuwa umesimama, ndivyo utakavyobaki.

Tulilala juu, ng'ombe chini,
pumzi zao zikipenya mbao,
joto lenye harufu ya majani makavu na mkojo.
Hapa Thesaloniki nina chumba,
bomba la joto ukutani, shuka za kunukia ndimu.
Saa nane usiku niko macho.
Nyumba nzima hakuna anayecheua.

Lakini nisikupambie nchi yangu kama bibi harusi.

Februari, usiku wa mienge,
baba alichana magogo ya mbetula,
mwenge mmoja kwa kila mwanamume wa nyumba:
wa babu, wake mwenyewe, wa Jansughi, wa Bimurza,
hata wa yule aliyekuwa bado tumboni,
huenda akatoka dume.
Mimi nilikwisha kutoka tumboni miaka saba,
nimesimama pale na viatu vyangu,
na mwenge wangu haukuwapo.
Nikauliza. Mama akanikaza skafu shingoni.
Hilo ndilo lilikuwa jibu.
(Alizaliwa Lamara. Mwenge wake
ulikwisha kuungua bure.)

Wakapanda kilimani, moto mabegani.
Mimi gizani niliziona nyuso zao zote,
kila kunyanzi, kila jino la babu,
na wao hawakuniona.
Kazi hii ya kumlisha mtu uji,
kumjua asiyekutazama,
pengine sikujifunzia kwenye kozi ya wauguzi.

Mwanangu Saba yuko Kutaisi kwa dada yangu.
Hunipigia simu Jumapili, uso wake umejaa kioo,
anapiga mayowe ya mabao, ya mbwa, ya viatu vipya.
Kutaisi ni tambarare. Hakuna wa kumzaba.
Nafurahi. Kisha naona wivu.
Kisha namwambia, "Polepole, mwanangu,"
naye anauliza, "Kwa nini?"
na mlima wa kumwonyesha sinao.

Jana nilikuwa naanika nguo.
Kiria Evanthia akajiendea jikoni,
akawasha gesi, akataka kahawa kama zamani,
na mkono mpana wa gauni lake
ukaelea juu ya moto.

Nilipiga kelele.
Si kwa Kigiriki. Wala si ile ya kumwamsha paka.
Ilitoka neno la kwetu, la kuitia ng'ombe aliye ukingoni mwa genge,
ambalo sikuwa nimelitamka tangu nivushe mpaka.
Vyombo vililia kabatini.
Bibi kizee, kiziwi wa miaka tisa,
akageuka.

Nilizima gesi, nikamshika kifundo cha mkono.
Despina alikuja mbio kutoka ghorofa ya pili,
akaniuliza mbona nimeduwaa,
mbona natazama dari.

Nilikuwa nahesabu.
Kwetu, ukikosea ukapiga kelele,
unahesabu mpaka ishirini,
ndipo unapumua.